UZI: Mama hakupigwa picha mara tatu. Someni hapa kabla ya kutugombeza chumba cha CT

chumba_baridi

Wadau, hamjambo.

Juzi nimemaliza zamu ya usiku kwenye CT, ile mashine ya eksirei inayozunguka mwili na kutoa picha kipande kwa kipande, nimeshavua koti, nakuta kijana amesimama kwenye korido na bahasha ya kaki. Filamu zote amezitoa, amezitandaza kwenye benchi kama mwenye kuuza mitumba. "Niliambiwa kichwa kimoja. Mbona mmempiga mama picha mara tatu?"

Filamu ya kwanza ubongo unaonekana, kijivu juu ya kijivu. Ya pili ubongo umepotea, imebaki mifupa tu, imekaa kama ya kuchongwa. Ya tatu iko katikati ya hizo mbili. Kijana alikuwa na hakika kwamba tumemmwagia mamake mionzi mara tatu, tukamlipisha juu yake. Nilimweleza nimesimama hapohapo dakika kumi, matatu yangu ikaniacha.

Sasa nataka kuandika mara moja, nikiulizwa tena niwe natuma huu uzi tu.

Jibu fupi: mama alipigwa mara moja. Sura zote tatu zimetoka kwenye hesabu zilezile. Jibu refu linaanza na mwale wenyewe.

Eksirei ikipita mwilini haipungui kwa kiasi kilekile kila sentimita. Inapungua kwa sehemu ya ile iliyobaki. Chukua watu 1,000 wameingia soko la Gikomba wakitaka kutokea upande wa pili. Kila baada ya safu kadhaa za vibanda nusu wananaswa, huyu na viatu, yule na mapazia. Wanabaki 500, halafu 250, halafu 125. Hawaishi kabisa, ila wanazidi kuwa wachache. Kwa maji, na kwa nguvu ya mwale tunayotumia kwenye CT, hiyo "safu" ya kunasa nusu ni kama sentimita 3.6. Kichwa cha sentimita 18 kina safu tano za namna hiyo, kwa hiyo wakiingia 1,000 wanatoka kama 31. Na hapo nimehesabu kama kichwa chote ni maji. Fuvu linanasa zaidi.

Hao wachache wanaotoka ndio ditekta, yaani kipokezi cha mwale, inawahesabu upande wa pili. Kazi yetu yote imejengwa juu ya hao waliobaki.

jirani_wa_Ngara

Nimevuta kigoda. Chai iko mkononi.

mwaka_wa_pili

Daktari, swali. Nasomea radiografia. Tunaambiwa mwale unanaswa kwa njia mbili. Ni ipi yenye kazi kubwa hapo?

chumba_baridi

Mimi si daktari, ndugu, ni radiografa. Daktari wa picha ni yule anayeandika ripoti. Tusigombanishwe.

Ndiyo, ni njia mbili. Kwanza, fotoni, yaani chembe moja ya mwale, inamezwa nzima na atomu. Hapo namba ya atomu ndiyo yenye kauli, kwa sababu uwezekano wa kumezwa unapanda takriban kwa mchemraba wa namba hiyo, yaani 8 inahesabiwa 8 × 8 × 8. Oksijeni ni 8, kalsiamu ni 20, iodini ya kwenye dawa ya kontrasti ni 53, madini ya risasi yaliyo ndani ya mlango wetu ni 82. Ndiyo maana mfupa unang'aa. Ndiyo maana pia tukikuchoma dawa yenye iodini mishipa yako inang'aa hivyohivyo.

Pili, fotoni inagonga elektroni, inapinda njia na kupoteza sehemu ya nguvu zake. Hii haijali sana ni atomu gani, inajali elektroni zimejazana kiasi gani mahali pale. Kwenye nyama laini, kwa nguvu za CT, hii ya pili ndiyo inayotawala. Na kwa kuwa ubongo, damu na misuli vimejazana karibu sawa, tofauti zake ni ndogo mno. Liweke hilo akilini, ndilo litatuleta kwenye madirisha ya picha, nitayaeleza huko chini.

mama_wa_plot

Hapo kwa Gikomba nimeelewa. Lakini hao 31 waliotoka wanajuaje kama wenzao walinaswa na mfupa ama na ubongo? Si wametoka tu?

chumba_baridi

Dada, hilo ndilo swali lenyewe. Hawajui. Eksirei ya kawaida ni kivuli: kila kilicho njiani kimejumlishwa. Ukiona doa kwenye picha ya kifua, laweza kuwa mbele, nyuma, au kitufe cha shati.

Wewe ni wa plot, basi nikupe hesabu ya plot. Vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Huruhusiwi kufungua mlango wowote. Unaambiwa tu: wapangaji wa vyumba viwili vya juu jumla ni 5, wa chini ni 9. Wa upande wa kushoto, juu na chini, ni 6, wa kulia ni 8. Halafu mtu anakuambia chumba cha juu kushoto na cha chini kulia, ukikata kimshazari, jumla ni 7. Kila chumba kina wangapi?

mama_wa_plot

Ngoja nitoe daftari la kodi.

Juu kushoto 2, juu kulia 3, chini kushoto 4, chini kulia 5.

jirani_wa_Ngara

Huyu mama ni mashine.

chumba_baridi

Sasa umefanya CT. Sikutanii. Mashine inazunguka kichwa, inapima jumla kutoka pembe mamia kwa mamia, kisha kompyuta inatafuta kila chumba kina nini. Tofauti ni kwamba plot ya leo ina vyumba 512 kwa 512 kwenye kipande kimoja. Ile ya kwanza kabisa iliyotumika kwa mgonjwa, London mwaka 1971, ilikuwa na 80 kwa 80. Aliyeiunda ni Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, hiyohiyo ya santuri. Na kabla yake hesabu alikuwa ameshazifanya Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, baada ya kuona shida ya kupima mionzi katika hospitali ya Groote Schuur kule Cape Town. Alichapisha 1963 na 1964, wachache wakamsikiliza. Mwaka 1979 wote wawili wakapewa Nobeli ya tiba. Mmoja fizikia, mwingine uhandisi, daktari hakuna. Mimi hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Haya, kila chumba kimepata namba, na hiyo namba ni uwezo wa mahali pale kufifisha mwale. Kuitaja vile ilivyo ni usumbufu, kwa hiyo tunailinganisha na maji. Chukua ufifishaji wa tishu, toa wa maji, gawa kwa wa maji, zidisha kwa 1000. Maji yanakuwa 0, hewa inakuwa −1000. Vipimo hivyo vinaitwa vya Hounsfield. Mafuta yako yako karibu na −100. Maji ya ubongo ni kati ya 0 na 15. Sehemu nyeupe ya ubongo ni 20 na kitu, ya kijivu ni kama 35 hadi 40. Damu iliyoganda juzijuzi ni 60, 70. Mfupa unaanzia mamia ya chini kule kwenye sehemu yenye matundu hadi kupita 1000 kwenye gamba gumu. Jino lililozibwa kwa madini, usiulize.

Angalieni maana yake. Damu ya 60 inafifisha mwale kwa asilimia 6 tu zaidi ya maji. Kijivu na cheupe vya ubongo vinapishana kwa kama asilimia 1. Hiyo asilimia 1 ndiyo tunayokesha nayo.

fundi_picha_tao

Hapa naingia na kazi yangu. Ninapiga harusi. Kamera ikipiga RAW inahifadhi vivuli vingi kuliko skrini inavyoweza kuonyesha. Nikitoa JPEG nimeshachagua: ama suti ya bwana harusi ionekane mikunjo, ama gauni jeupe lionekane maua. Vyote kwa pamoja vinatoka vimepauka. Ni hivyo?

chumba_baridi

Ni hivyo hasa, kaka, umenipunguzia kazi. Hesabu zetu kwa kawaida zinakaa kwenye ngazi 4,096, kutoka −1024 hadi 3071. Skrini ya kawaida ina ngazi 256 za kijivu, na jicho lako halitofautishi hata hizo zote.

Ukijaribu kuzibana zote 4,096 kwenye 256, kila kivuli kimoja kinabeba vipimo 16. Ubongo mzima, maji yake, damu yake, vinakaa kwenye vivuli vitano sita. Unaona uji.

Kwa hiyo tunafungua dirisha. Dirisha lina mambo mawili: upana, na kitovu. La ubongo kwa kawaida ni upana 80, kitovu 40. Maana yake tunaonyesha kuanzia 0 hadi 80 tu. Kila kilicho chini ya 0 ni cheusi, kiwe hewa kiwe mafuta. Kila kilicho juu ya 80 ni cheupe, kiwe mfupa kiwe kipini cha nywele. Hapo katikati kila kipimo kimoja kinapata vivuli vitatu vya kijivu peke yake, na ile asilimia 1 inaonekana.

La mfupa ni upana 2000 na kitovu karibu na 500. Hapo kila kivuli kinabeba vipimo karibu 8, kwa hiyo kijivu na cheupe vya ubongo vimekaliana. Ubongo umekuwa ukuta wa rangi moja, ila ufa wa fuvu mwembamba kama unywele unauona. Hiyo ndiyo filamu ya pili ya yule kijana. Hakuna mionzi hata kidogo iliyoongezwa. Mwenzangu amekaa kwenye kompyuta, amesogeza kipanya, amechapa.

(Kusema kweli, huwa tunaandaa pia hesabu za mfupa kwa njia yenye kunoa kingo zaidi. Lakini hata hizo zinatoka kwenye vipimo vilevile vya mzunguko ule mmoja.)

boda_wa_Kangemi

Mimi nina kisa. Mwaka juzi nilianguka Waiyaki Way, kofia ikachomoka. Nikapigwa CT mahali fulani, nikapewa filamu, hakuna ripoti, eti itatumwa. Nikaipeleka kwenye kliniki nyingine. Daktari akainua filamu dirishani, jua linapiga, akasema kichwa kiko sawa, akaniandikia dawa za maumivu. Siku ya nne kichwa bado kinagonga, natapika. Mke wangu akanibeba kwa daktari mwingine. Huyu akauliza CD iko wapi. Akaiweka kwenye kompyuta, akavuta kipanya, akaniita: "Njoo uone." Kulikuwa na utepe mwembamba umejilaza kando ya fuvu upande wa kushoto, mrefu kama kidole. Nilipoangalia filamu yangu, utepe ulikuwa haupo kabisa. Nililazwa siku hiyohiyo. Niko sawa sasa, narudi barabarani. Lakini nilidhani yule wa kwanza hakujua kazi.

chumba_baridi

Pole sana, kaka. Na nashukuru umeandika, kwa sababu sasa naweza kuonyesha kilichotokea kwa namba.

Tuseme damu yako ilikuwa 70. Kwenye dirisha la ubongo, 0 hadi 80, damu ya 70 iko juu kabisa ya ngazi, karibu nyeupe. Na imelala wapi? Imegusana na fuvu, ambalo limeshapita 80 na ni jeupe pepe. Nyeupe kando ya nyeupe, tena utepe mwembamba. Inaonekana kama fuvu limenenepa kidogo, basi. Ongeza jua la dirishani.

Sasa yule wa pili alipovuta kipanya pengine alikwenda kwenye upana kama 200, kitovu kama 75. Dirisha linaanzia −25 hadi 175. Damu ya 70 imeshuka hadi karibu katikati, imekuwa ya kijivu. Mfupa bado uko juu ya 175, umebaki mweupe. Ghafla kuna mpaka kati ya viwili. Damu ilikuwepo kwenye CD tangu siku ya kwanza.

Sitamtetea yule wa kwanza wala sitamhukumu. Filamu haisogei: aliyechapa dirisha moja tu ndiye aliyemfungia mengine. Mimi kichwa cha ajali sichapi bila dirisha hilo la katikati. Na filamu kutoka bila ripoti ni jambo lisilofaa, hapo sina maneno ya kupamba.

jirani_wa_Ngara

Kwa hiyo ile ya kupiga filamu picha na simu na kuituma WhatsApp kwa binamu aliye Marekani?

chumba_baridi

Binamu atapata kivuli cha kivuli, na balbu ya sebuleni juu yake. Mtumie CD.

mwaka_wa_pili

Mwalimu wangu, na je, namba hizo ni za kuaminika kila mahali? Nimeona kwenye vichwa vingi kuna utepe mweusi unakatiza katikati ya mifupa miwili ya masikio, huko chini nyuma. Ukipima hapo unapata namba za ajabu.

chumba_baridi

Umeona vizuri. Mwale wetu si wa nguvu moja, una fotoni dhaifu na zenye nguvu zimechanganyika. Mifupa ile ya masikio ni migumu mno: inameza dhaifu zote, zinapita zenye nguvu tu. Rudi Gikomba: wenye tamaa ya kununua wameshanaswa kwenye vibanda vya mwanzo, waliobaki ni wale wasioangalia kushoto wala kulia. Kompyuta inaona wengi wamepita kuliko ilivyotarajia, inadhani mahali pale pana wepesi, inapaka cheusi. Kuna masahihisho ya kompyuta yanayopunguza hali hiyo, hayaimalizi. Kwa hiyo namba ya pale usiitegemee, na usimwambie mtu ana kiharusi cha shina la ubongo kwa sababu ya utepe ule.

Kingine: chumba kimoja kikiwa nusu mfupa nusu ubongo, kinapewa wastani, na wastani wa mfupa na ubongo waweza kufanana na damu. Angalia kipande cha juu na cha chini kabla ya kupiga kelele.

Na damu yenyewe haikai 70 milele. Inapozeeka inashuka, na kati ya wiki ya kwanza na ya tatu hivi inaweza kupita palepale ubongo ulipo, ikawa na rangi sawa nao. Hapo hakuna dirisha litakalokusaidia sana. Unatafuta ubongo uliosukumwa.

Asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza tunapiga hewa tupu, kisha tunalaza mtungi wa maji mezani na kuhakikisha maji yanasoma 0. Yakisoma 10, hakuna atakayelala pale mpaka fundi aje.

mama_wa_plot

Mimi niliambiwa ini langu lina mafuta, kwa CT ya tumbo. Wanaona mafuta kwa macho ama ni hizo namba?

chumba_baridi

Ni namba, dada. Bila dawa ya kontrasti ini lenye afya huwa kama 55 hadi 60, juu kidogo ya wengu. Mafuta ni −100, kwa hiyo yakichanganyika yanalivuta ini chini. Daktari anaweka kaduara kwenye ini, anasoma wastani. Likishuka chini ya 40, au likizidiwa na wengu, anashuku. Mengine zungumza naye mwenyewe, mimi naishia kwenye kaduara.

Kwa tumbo kuna jambo lingine ninalolipenda. Dirisha la tumbo ni upana 400, kitovu 40. Mafuta yanakuwa kijivu cha giza, hewa inakuwa nyeusi. Mtu utumbo umetoboka, katone ka hewa kamejificha ndani ya mafuta, giza ndani ya giza. Daktari mzuri anahamia dirisha la mapafu, upana 1500, kitovu −600, mafuta yanapauka na hewa inabaki na giza kama shimo. Sekunde mbili za kipanya.

bahasha_ya_kaki

Habari za jioni. Yule kijana wa kwenye benchi ni mimi. Dada yangu ndiye amenitumia uzi huu akicheka.

Samahani kwa yale maneno ya korido. Na samahani kwa matatu. Mama anaendelea vizuri, ripoti imesema hakuna damu. CD ninayo ila laptopu yangu haina mahali pa kuiingiza.

chumba_baridi

Mambo yamekwisha, ndugu yangu. Mpe mama salamu.

Tafuta saiba ya zamani huko tao, kompyuta zao nyingi bado zina kile kitundu. Programu ya kutazama kwa kawaida iko ndani ya CD yenyewe. Ikifunguka, tafuta alama ya dirisha, bonyeza na uburute. Mara nyingi kushoto na kulia ni upana, juu na chini ni kitovu. Huwezi kuharibu kitu, hesabu hazibadiliki.

bahasha_ya_kaki

Nimepata moja ghorofa ya pili, Mtaa wa Tom Mboya. Mwenye saiba alilazimika kupangusa vumbi.

Ubongo nimeuona, fuvu nimeliona. Kisha nikabaki navuta kipanya tu, kama mtoto. Nikapanua hadi 2000, nikashusha kitovu hadi −400 hivi. Ile nyeusi yote ya pembeni ikaanza kuondoka. Nikaona sponji aliyolazia kichwa, na ukingo wa shuka. Halafu juu ya ngozi ya kichwa kukatokea vimilima vidogo vidogo, kimoja kando ya kingine, kama matuta ya shamba.

Ni nywele zake. Dada yangu alikuwa amemsuka Jumamosi, siku moja kabla hajaanguka.

chumba_baridi

Hizo hatukuzichapa.